Kamati ya Bibi ya Kufungua Kanisa

Tarehe 7 Juni

Mume wangu mdogo,

Mimi nipo. Nakula, nalala, na goti linauma lilelile, kwa hiyo usianze kuniuliza habari za goti ukasahau kuniuliza habari zangu. Shangazi yako mzima, ila amekonda kwa kukaa ndani kutwa nzima na mumewe. Anasema hakujua kama yule bwana anaongea kiasi kile. Jirani wa mkono wa kushoto amenunua jogoo asiyejua asubuhi ni saa ngapi. Cherehani yangu haipumziki, maana kila mtu anataka barakoa, na kila mtu anataka ifanane na nguo yake ya Jumapili, kana kwamba Jumapili tunakwenda popote.

Sasa sikiliza. Wakubwa wametangaza kwamba nyumba za ibada zinaweza kufunguliwa kwa masharti, kila kanisa lijipange lenyewe. Mchungaji akatuita wazee wa kanisa, akasema iundwe kamati. Akauliza nani atakuwa mwenyekiti. Wenzangu wote wakaangalia viatu vyao. Mimi sikuangalia viatu vyangu, basi nimekuwa mwenyekiti.

Wewe ndiye muuguzi wa ukoo, kwa hiyo nitumie hayo masharti. Usiniandikie ya vitabuni. Andika machache, mepesi, ya watu wenye umri. Kwenye kamati yangu Seremala anaelewa mbao tu, Mweka hazina anaogopa upepo kuliko anavyoogopa ugonjwa, na Mama Besi wa kwaya haelewi chochote ambacho hakikutoka kinywani mwake mwenyewe.

Na nikueleze kabisa, usije ukasema nilikuficha. Sikutaka uenyekiti kwa ajili ya cheo. Babu yako tulimzika mwezi wa tatu tukiwa watu sita na wale vijana waliovaa plastiki toka utosini mpaka miguuni. Alikufa kwa moyo wake, si kwa ugonjwa huu, lakini siku zile wote walizikwa kwa mtindo mmoja. Mchungaji alisoma maneno kwa mbali, tukaambiwa basi, mwondoke. Hakuna aliyefungua mdomo kuimba. Mtu aliyekaa kwenye kanisa lile tangu halijapigwa rangi ameondoka kimya kama mzigo. Nataka aimbiwe, mume wangu. Wimbo wake, na kanisa zima, beti zote saba. Nikisema nalala, ujue najilaza tu. Nitalala siku hiyo.

Jibu haraka.

Mkeo mkubwa


Tarehe 19 Juni

Bibi, mke wangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia goti lipo, na wewe je, habari zako? Mimi mzima. Wodi imejaa, tunavaa plastiki zilezile ulizozisema, na jioni nikizivua natoka nimelowa utadhani nimeogeshwa. Mama mwenye nyumba wangu ananiogopa. Barua yako alinisukumia chini ya mlango kwa mpini wa fagio, kisha nikamsikia akiuosha mpini.

Hongera kwa uenyekiti. Masharti yenyewe ni haya, na nimejitahidi yawe mepesi. Madirisha na milango iwe wazi wakati wote, hata Mweka hazina akilalamika. Watu wakae mbalimbali, benchi moja watu wawili, mmoja huku na mwingine kule, isipokuwa wanaolala nyumba moja. Barakoa ifunike mdomo na pua. Narudia, na pua. Mikono ioshwe mlangoni kwa sabuni, na kusalimiana kuwe kwa macho. Ibada iwe fupi. Anayejisikia vibaya abaki nyumbani, hata akiwa ni Mchungaji. Tena mkutane nje kila mnapoweza. Chumba kidogo chenye watu wengi ndicho kibaya kuliko vyote.

La mwisho najua hutalipenda. Msiimbe kwanza. Anayeimba anatoa pumzi nyingi kuliko anayeongea, na ugonjwa huu unasafiri kwenye pumzi. Najua unachotaka, Bibi. Mimi mwenyewe sikuwepo kaburini, barabara zilikuwa zimefungwa, na mpaka leo linaniuma. Lakini kwa sasa hapana.

Mumeo mdogo, sasa sina mpinzani


Tarehe 28 Juni

Mume wangu,

Habari zangu nzuri, asante kwa kuuliza mara hii. Jogoo bado mjinga. Shangazi yako ameanza kumtuma mumewe dukani kwa kitu kimoja kimoja, ili aende mara nyingi.

Kamati imekutana, na nakwambia ungekuwepo ungejivunia. Tulikaa kile chumba cha wazee nyuma ya madhabahu, maana mambo ya kamati hayasemewi uani watu wakasikia. Tulikuwa kumi. Viti ni vichache, tukabanana kwenye mabenchi mawili, tukatosha. Mweka hazina aliomba tufunge dirisha, nikaona si vizuri kuanza kazi ya Mungu kwa ugomvi, tukafunga.

Nikasoma barua yako yote. Ilibidi nivue barakoa, maana miwani ilikuwa inajaa ukungu, na wenzangu nao wakavua ili tusikilizane. Unajua utaratibu wetu wa wazee, kila jambo likisomwa sote tunalirudia kwa pamoja kwa sauti kubwa, ndipo linahesabiwa limepita. Basi nikisoma, tunarudia. Watu wakae mbalimbali! Madirisha yawe wazi! Mama Besi sauti yake ile, mpaka chaki ilianguka ubaoni. Seremala alikuwa na kikohozi kidogo, lakini hakukosa kurudia hata sharti moja. Yote yakapita. Tukashikana mikono, tukafunga kwa sala, na Mchungaji akasali sana.

Kuhusu kuimba, palitokea manung'uniko. Niliwafafanulia kwamba mjukuu wangu amekusudia wale wanaoimba vibaya. Hilo lilipita bila kupingwa, na kila mmoja akamwangalia mwenzake.

Tunafungua Jumapili ya pili ya mwezi ujao. Nimeshawashonea kamati barakoa kutokana na pazia la zamani la ofisi. Tumependeza, ila tukikaa pamoja tunafanana na dirisha.

Mkeo, Mwenyekiti


Tarehe 5 Julai

Bibi,

Salamu nitaziweka mwisho, utanisamehe. Kwanza naomba ukae chini.

Mmekaa watu kumi, wote wenye umri, bega kwa bega, kwenye chumba kilichofungwa dirisha, bila barakoa, mkipiga kelele kwa pamoja kwamba watu wasikae karibu. Na katikati yenu pana mtu anayekohoa. Kisha mkashikana mikono. Nimeisoma barua yako mara mbili kwa kudhani nimeruka mstari. Nimemsomea mwenzangu wa zamu, akacheka, kisha akaacha kucheka, akaniuliza Bibi yako ana miaka mingapi.

Kamati yote ikae nyumbani wiki mbili kuanzia sasa. Yote, na Mchungaji. Asitoke mtu, asitembelewe mtu. Anayekosa pumzi apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asisubiri kesho. Kanisa lisifunguliwe. Na mimi sikukusudia wanaoimba vibaya, nilikusudia wote, na wewe unajua.

Sikuandikii hivi kwa kukosa adabu. Ninawaona hapa wanavyoingia. Babu nilimkosa. Wewe sitaki.

Shikamoo. Msalimie Shangazi, kwa dirishani.

Mjukuu wako


Tarehe 27 Julai

Mume wangu,

Mimi mzima. Nianze na hilo, maana nadhani umekaa roho juu. Sikupata hata mafua. Shangazi yako alikuwa ananiwekea chakula kizingitini, anagonga, anakimbia. Mwanamke yule na miguu yake ile, sikujua kama anaweza kukimbia.

Ulivyosema tulifanya. Mchungaji hakupenda, akasema yeye ni mtu aliyejaa imani. Nikamwambia pia amejaa hewa ya chumba kile. Akakaa nyumbani. Mama Besi alikaa kwake akawa anaimba dirishani asubuhi na jioni, mtaa mzima ukaomba wiki mbili ziishe.

Lakini Seremala aliugua. Kile kikohozi hakikuwa kidogo. Mkewe alimpeleka hospitali usiku hawezi kumaliza sentensi, wakamlaza, wakamwekea hewa ya mtungi. Siku zile zote, mume wangu, nilikuwa nakaa kwenye cherehani bila kushona. Barua yako niliisoma mimi, kwa sauti yangu, miwani machoni. Nilijua kusoma, nikakataa kuelewa, kwa sababu nilikuwa nasikia wimbo wa Babu yako tu. Sasa ametoka. Amekuwa mwembamba, shati linamvaa yeye. Nilimpelekea supu nikaiweka ukutani nikasimama barabarani. Alinipungia mkono dirishani akataka kusema kitu, akakosa pumzi, akacheka. Mimi sikucheka mpaka nilipofika nyumbani.

Basi tumeanza upya, na sasa tunakutana nje. Nimekwenda na tepu yangu ya kupimia nguo, nimepima kanisa zima benchi kwa benchi na kuchora alama kwa chaki ya nguo. Vita vimekuwa ni nani akae wapi. Mama Besi amesema pale dirishani amekaa tangu ameolewa na hataondolewa na tepu. Mweka hazina sasa anataka kukaa mlangoni kabisa, eti upepo una faida. Mchungaji ameambiwa mahubiri yawe mafupi, akauliza mafupi kiasi gani, nikamwambia kama barua za mjukuu wangu akikasirika.

Nakuuliza tena, lakini kwa unyenyekevu. Wimbo mmoja tu, hata kwa sauti ya chini. Hata kwa kunong'ona. Uniambie.

Mkeo


Tarehe 22 Agosti

Bibi,

Shikamoo. Natumaini hujambo pamoja na Shangazi. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Usishangae mwandiko, nimejiumiza mkono kidogo, mwenzangu wa kazini ananiandikia. Mimi mzima, ni kazi tu.

Kuhusu wimbo, ndani ya kanisa hapana. Mkisali uani, watu wakiwa mbalimbali na barakoa zikiwa usoni, mnaweza kuimba ubeti mmoja. Msizidi hapo.

Nimefurahi kusikia Seremala amepona.

Wako,
Mjukuu


Tarehe 30 Agosti

Mume wangu mdogo,

Salamu za kwanza zimwendee mwenye mwandiko. Mwandiko mzuri, umenyooka, unaonekana wa mtu aliyelelewa. Asante, mwanangu, kwa kumsaidia huyo mwenye mkono.

Mimi mzima. Jogoo ameuzwa. Shangazi yako na mumewe wamegundua kwamba wote wawili wanapenda kucheza bao, na sasa hawaongei kabisa, nyumba imetulia.

Nimeangalia barua yako kwa muda mrefu. Ni fupi. Hukuniita mke wangu. Hukunitania hata neno moja, wewe ambaye ukinywa chai hutulii mpaka umeitania. Basi sikuulizi kitu. Mtu mzima akisema ameumia mkono, ameumia mkono. Ila Seremala ameniambia kwamba mkono unapona vizuri zaidi mtu akilala kifudifudi. Anasema pia usiinuke kwa haraka kwenda chooni, na usione aibu kumwita mtu usiku, maana yeye aliona aibu na nusura imtoe roho. Supu unywe hata kama haina ladha. Yote haya ni ya mkono.

Wewe mwenye mwandiko, mstari huu usimsomee: akilala, mgeuzie mto upande wa baridi, ndivyo anavyopenda tangu mdogo, na hawezi kuomba.

Kanisani kila kitu tayari. Ndoo za maji zimewekwa, sabuni ipo, mabenchi yatatolewa uani. Mchungaji alitaka tufungue Jumapili ijayo. Nimekataa. Nimewaambia kanisa halifunguliwi mpaka mtaalamu wetu athibitishe kwa mwandiko wake mwenyewe. Wamelalamika. Mweka hazina alisema mwenyekiti ndiye aliyekuwa akitukimbiza toka mwezi wa sita, leo anatushika mashati. Nikamwambia ndiyo, leo nawashika mashati. Mchungaji akaniuliza kwa upole kuna nini. Nikamwambia hakuna, mjukuu wangu ameumia mkono. Nilimwona anavua kofia.

Kuhusu ubeti mmoja, hilo ni tusi. Wimbo wenye beti saba, mtu anampa marehemu ubeti mmoja, kama anamwonjesha. Lakini sigombani na mgonjwa wa mkono. Pona, ndipo tugombane vizuri.

Nasubiri mwandiko wako.

Mkeo


Tarehe 18 Septemba

Mke wangu,

Shikamoo. Mwandiko ni wangu, angalia unavyoyumba. Kalamu imekuwa nzito ajabu.

Haukuwa mkono.

Nililazwa kwenye wodi yangu mwenyewe, kitanda cha pale dirishani, ambacho nimekitandika mara nyingi bila kujua kina kelele kiasi kile. Sikutaka ujue, maana ungekuja kwa miguu, na goti lako. Barua yako ilinifikia siku mbaya kuliko zote. Mwenye mwandiko alinisomea, na ule mstari uliomkataza akausoma vilevile, kwa sababu hajui kusoma kimoyomoyo. Kisha akaugeuza mto. Sina la kuongeza hapo, Bibi. Nililia kwa sababu nilikuwa na nguvu ya kulia, na jana yake sikuwa nayo.

Ndiyo, ni mwanamke. Hapana, usianze. Anakusalimu.

Sasa natembea mpaka mlangoni na kurudi. Kazini sirudi mpaka mwezi ujao, na kusafiri nimekatazwa, kwa hiyo siku ya kufungua mtanisamehe. Nathibitisha kwa mwandiko wangu mwenyewe kwamba mnaweza kufungua, uani, kwa masharti yale yote. Wimbo ubeti mmoja. Najua utasema tulipatana tugombane nikipona. Gombana tu. Nimelala upande wa pili wa kitanda sasa, nimesikia vile pumzi inavyokwisha, na sitakuongezea hata mstari. Ukitaka kunichukia, nichukie ukiwa mzima.

Uniandikie ilivyokuwa. Yote, na nani alikaa wapi.

Mumeo mdogo


Tarehe 11 Oktoba

Mume wangu,

Nakuandikia hata viatu sijavua. Shangazi yako anapika, mumewe anapanga kete za bao, na mimi nimewaambia wasinisemeshe mpaka nimalize. Mwenye mwandiko mwambie namsalimu, na kwamba sijaanza, ila nimeshampima kiunoni kwa mawazo na kitambaa kipo.

Tumefungua. Toka alfajiri wanaume walitoa mabenchi uani, nikapita nyuma yao na tepu. Mama Besi alifika na benchi lake, eti limekuja pamoja na dirisha lake. Nikamweka chini ya dirisha lilelile, kwa upande wa nje. Akakaa, akaona ni palepale, akaridhika, na vita vya miezi miwili vikaisha hivyohivyo. Mweka hazina alikuja na koti, skafu na kofia, tukamjua kwa sababu alikuwa wa kwanza. Seremala aliletwa na mwanawe, akakaa kitini peke yake na blanketi magotini, na kila aliyepita alimwinamia kichwa kwa mbali. Nilikuwa sijawahi kuona watu wetu wanasalimiana bila kushikana. Macho yalifanya kazi kweli.

Mimi nilikaa langoni. Alikuja mgeni, mtu mzima wa suti, barakoa iko kidevuni. Nikamwambia baba, hiyo unaifunika nini hapo. Akasema yeye ni mchungaji mkuu wa makanisa yote ya upande huu, amekuja kushuhudia. Nikamwambia karibu sana, ashuhudie na pua ikiwa ndani. Akaipandisha, akanawa mikono, akanawa tena kwa sababu nilikuwa bado namtazama. Baadaye nasikia alimuuliza Mchungaji wetu yule mlinzi mmemtoa wapi.

Mahubiri yalikuwa mafupi, mume wangu. Mafupi hasa. Mchungaji alipomaliza watu walibaki wanamwangalia, naye anatuangalia, hakuna aliyejua la kufanya na muda uliobaki.

Kisha ukafika wimbo. Lazima nikwambie tulivyouchagua. Ubeti mmoja, kamati ikagombana ni upi. Mchungaji alitaka wa mwisho, kwa sababu unataja mbinguni. Mama Besi alitaka wa tatu, kwa sababu ndani yake yeye anasikika. Mimi nilikuwa bado nina hasira na wewe, nikawaambia imbeni wa kwanza yaishe, kama ni kuonja tuonje mwanzo.

Tukasimama. Mchungaji akataja jina la Babu yako, jina lake lote, na majina ya wengine walioondoka bila kuimbiwa, maana kumbe hatukuwa peke yetu, kila benchi lilikuwa na mtu wake. Tukaimba na barakoa. Sauti ilitoka nzito, imefunikwa, utadhani tunaimba chumba cha pili. Seremala aliimba akiwa amekaa, akipumzika katikati ya maneno, na sisi tukamsubiri. Ubeti ukaisha. Watu wakaishia hapo, kama ulivyoelekeza.

Nilisimama pale nikisubiri uchungu uje. Nilikuwa nimejiandaa kuudhika. Nilisema moyoni, hivi ndivyo, beti sita zimebaki hewani, mwenzangu kadhulumiwa mpaka mwisho. Nikaanza kuuimba ubeti wa pili kimoyomoyo, nimmalizie mwenyewe. Hapo ndipo nilipomsikia.

Mume wangu, Babu yako hakuujua ubeti wa pili. Nilikuwa nimesahau kabisa. Hakuujua wa pili wala wa tatu wala mwingine wowote. Kanisa zima likienda wa pili, yeye anarudi wa kwanza, kwa sauti ya juu, kifua mbele. Tukienda wa tano, yeye yuko wa kwanza. Miaka yote ile ya ndoa nilikuwa namfinya paja pale benchini, namwonyesha kitabu kwa kidole, naye anaitikia kwa kichwa, anageuka mbele, anaanza upya. Nikimgombeza njiani kurudi nyumbani ananiambia, "Wa kwanza unatosha, nyinyi ndio mnaohangaika."

Nilicheka ndani ya barakoa mpaka mabega yakatikisika. Watu wakadhani nalia, na kweli nilikuwa nalia pia. Mama Besi aliinuka aje kunikumbatia, nikamnyooshea mkono asimame palepale alipo, akasimama, akanilia kwa mbali.

Kwa hiyo sina ugomvi na wewe. Pona, ule, utembee hadi mlangoni na kupita mlango. Leo nadhani nitalala. Wewe na masharti yako, mume wangu, mmemwimbia Babu yako wimbo wake wote, wote aliokuwa anaujua.

Mkeo mkubwa